Kuita programu ya RPG kutoka Java ili kuandika malipo ya simu: njia ipi ni salama?

Mtunzaseva (Dar es Salaam) anauliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninafanya kazi katika kampuni inayouza bidhaa kwa mkopo, na daftari zake zote za wateja zimo katika mfumo ulioanza kwenye AS/400, kompyuta ya biashara ya IBM, katikati ya miaka ya 1990. Mashine imebadilishwa mara kadhaa na leo ni seva ya Power inayoendesha mfumo endeshi wa IBM i 7.4, lakini programu ni zilezile za RPG, lugha ya IBM ya programu za biashara, na walioziandika wamekwisha kustaafu.

Tatizo letu ni malipo ya wateja yanayofanywa kwa simu. Kila asubuhi karani huchapisha orodha ya malipo yaliyoingia, kisha huyaandika moja moja kwenye skrini ya kijani: namba ya mkataba, kiasi, namba ya kumbukumbu ya muamala, halafu anabonyeza F10. Mteja aliyelipa Jumamosi jioni huonekana amelipa Jumatatu mchana, na katikati ya siku hizo anapigiwa simu ya kudaiwa. Nimewasikiliza wateja wa namna hiyo wakilalamika kaunta, na wana haki. Nimepewa jukumu la kuandika huduma ya Java itakayopokea taarifa ya malipo kutoka kwenye mtandao wa simu na kuyaingiza katika mfumo muda huohuo.

Nilikofikia ni hapa. Nimepata maktaba ya jt400 inayoiunganisha Java na IBM i, nimeunganisha kwa JDBC (njia ya Java ya kufikia hifadhidata), na ninasoma faili la mikataba bila shida. Katika mazingira ya majaribio niliweza hata kuongeza safu (rekodi moja) katika faili la malipo kwa amri ya SQL, lakini salio la mteja halikubadilika, na ripoti ya kufunga siku ikatoa tofauti. Nilipofuatilia nikaona kwamba kugawa malipo kati ya adhabu, riba na deni lenyewe, pamoja na kusahihisha salio, ni kazi inayofanywa ndani ya programu iitwayo PST001R, ileile iliyo nyuma ya skrini ya karani. Nikajaribu kuiita moja kwa moja kwa klasi ya ProgramCall ya jt400. Java ikakaa ikisubiri, dakika baada ya dakika, mpaka nikaizima mwenyewe.

Naomba mnisaidie mambo matatu. Je, niandike upya hesabu hizi katika Java, au niitumie PST001R? Nikiitumia, niiite kwa ProgramCall, kwa prosija ya SQL (programu inayoitwa kupitia hifadhidata), au nitumie foleni ya data (foleni ya ujumbe kati ya programu)? Na la mwisho, ambalo ndilo linaloninyima usingizi: nitahakikishaje kwamba seva ikikatika katikati ya kazi sitabaki na malipo yaliyoandikwa nusu?

Mkongwe wa RPG (Mombasa) anajibu:

Ndugu Mtunzaseva, umefanya vyema kujaribu kwanza katika maktaba ya majaribio, maana wengi hugundua jambo hili wakati hesabu za kweli zimekwisha haribika.

Nianze na swali lako la kwanza, na nalijibu bila kusita: usiandike upya hesabu zile katika Java. Ndani ya PST001R mna maamuzi ya miaka karibu thelathini, mengine yaliingizwa kwa sababu ya kesi moja tu ya mteja mmoja, na hayakuandikwa mahali pengine popote. Ukizinakili utakuwa na kanuni mbili za kugawa malipo, moja ya karani na nyingine ya simu, na siku riba itakapobadilishwa upande mmoja utasahauliwa. Acha kanuni ikae mahali pamoja, kisha utafute mlango mzuri wa kuifikia.

Sasa kuhusu Java iliyoganda. Fungua kipindi cha 5250, yaani ile skrini ya kijani, andika WRKACTJOB SBS(QUSRWRK), na utafute jobu (kazi zinazoendeshwa kwenye seva) zinazoitwa QZRCSRVS, kwa kuwa ndizo zinazohudumia ProgramCall. Nina hakika utaikuta moja yenye hali ya MSGW, yaani inasubiri mtu ajibu ujumbe. Umesema PST001R ndiyo iliyo nyuma ya skrini ya karani, kwa hiyo imetangaza faili la skrini, na RPG hufungua mafaili yake yenyewe mara programu inapoanza. Jobu ya QZRCSRVS haina skrini yoyote. Ufunguzi ukashindikana, RPG ikatuma swali kwa mwendeshaji wa mfumo ikitaka ajibu kwa herufi moja, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akitazama foleni ya ujumbe ya QSYSOPR, swali hilo bado liko pale. Java yako haikuwa na kosa. Ilikuwa inamngoja mtu ambaye hajui kwamba anangojwa.

Kutokana na hayo, kazi ya kwanza iko upande wa RPG, si wa Java. Inabidi uitenganishe skrini na hesabu. Kama msimbo bado ni wa RPG III, ambao utautambua kwa majina ya sehemu yasiyozidi herufi sita, upitishe kwanza kwenye amri ya CVTRPGSRC ili uwe RPG IV. Kisha tafuta sehemu inayotekelezwa baada ya F10, uitoe pamoja na mafaili inayoyagusa, uifanye programu mpya isiyo na skrini. Tuiite PST010R. Inapokea namba ya mkataba, kiasi, namba ya kumbukumbu na tarehe, inarudisha msimbo wa matokeo na salio jipya. Programu ya zamani ya skrini nayo ibadilishwe iiite hiyohiyo PST010R. Usiruke hatua hii ya mwisho hata kama meneja anakuharakisha, kwa sababu karani akiendelea kutumia nakala ya zamani utakuwa umerudi kwenye kanuni mbili.

Nikueleze na suala la namba, kwa kuwa watu wa Java huliona dogo. Kiasi katika RPG kwa kawaida hakihifadhiwi kama maandishi wala kama namba ya mfumo wa jozi (binary) mnayoizoea. Huhifadhiwa kama desimali iliyobanwa, tarakimu mbili katika kila baiti, na nusu baiti ya mwisho ikiwa alama ya chanya au hasi. Kiasi cha 12,345.67 katika nafasi ya tarakimu 9, mbili zikiwa za desimali, hukaa katika baiti 5 tu, nazo ni 00 12 34 56 7F. Hiyo F ya mwisho ndiyo inayosema kwamba namba ni chanya. Ingekuwa hasi ungeona D. Ukisahau kujaza kigezo hicho na kupeleka nafasi tupu, katika EBCDIC, usimbaji wa herufi wa mashine hizi, nafasi tupu ni 40, basi RPG itapokea 40 40 40 40 40, itatafuta alama mwishoni na kukuta sifuri, na itasimama kwa kosa la RNX0907. Kwa upande wa Java tumia BigDecimal pamoja na klasi ya AS400PackedDecimal, na usiguse double kabisa pale ambapo ni fedha za watu.

Vigezo hupelekwa kwa anwani ya kumbukumbu, na hakuna anayekagua urefu wake. Ukipeleka baiti 20 pale RPG inaposubiri 30, itasoma zile 20 na kuendelea kusoma 10 zilizo jirani, chochote kitakachokuwamo. Ili usikosee, kompaili PST010R kwa chaguo la PGMINFO(*PCML). Kompaila itakutolea maelezo ya vigezo vyote, aina na urefu wake, na Java itayasoma kwa klasi ya ProgramCallDocument badala ya wewe kuhesabu baiti kwa kidole.

Mwisho, chunga sana kiashirio cha LR, kinachoiambia RPG ifunge programu kabisa inaporudi. Programu ikirudi bila kukiwasha, mafaili hubaki wazi na thamani za mwisho hubaki kwenye kumbukumbu ya jobu. Ni jambo jema kwa kasi, ila lina hatari yake. Kampuni moja niliyoitumikia zamani tulikuwa na programu ya kuulizia salio iliyoitwa kutoka kwenye tovuti, na miunganisho ilihifadhiwa ili itumike tena. Programu ilisoma rekodi ya mteja kwa CHAIN, amri ya RPG ya kutafuta rekodi kwa ufunguo. Rekodi isipopatikana, CHAIN haifuti kilichokuwamo. Aliyeandika hakukagua kama rekodi imepatikana. Mteja mmoja aliandika namba ya mkataba yenye kosa, naye akaonyeshwa jina na salio la mteja aliyeulizia kabla yake. Nilimpigia simu mwenye taarifa zile mimi mwenyewe kumwomba radhi, na tangu siku hiyo sijawahi kuandika CHAIN bila %FOUND chini yake, wala programu ya kuitwa kutoka nje bila kusafisha sehemu zote mwanzoni.

Dada wa Data (Nairobi) anajibu:

Shikamoo Mkongwe. Naungana nawe katika yote uliyosema, na ningependa kujibu swali la pili na la tatu la ndugu Mtunzaseva kwa pamoja, kwa kuwa kwa maoni yangu ni swali moja.

Ukitumia JDBC na ProgramCall katika huduma ileile ya Java, utaona katika msimbo wako mistari miwili inayofuatana na utadhani inatekelezwa mahali pamoja. Sivyo. Amri zako za SQL zinatekelezwa katika jobu ya QZDASOINIT, na programu yako inatekelezwa katika jobu ya QZRCSRVS. Hizo ni jobu mbili tofauti, kila moja na orodha yake ya maktaba, kufuli zake za rekodi na muamala wake, yaani kundi la maandiko ya hifadhidata yanayothibitishwa au kutanguliwa yote pamoja. Ukiandika taarifa ya malipo kwa JDBC, ukaiita PST010R kwa ProgramCall, kisha ukatangua muamala wa JDBC kwa sababu ya hitilafu, kilichoandikwa na RPG kitabaki palepale. Hata mbaya zaidi, kama RPG inahitaji rekodi ambayo JDBC imekwisha ifunga na bado haijaithibitisha, jobu zako mbili zitasubiriana mpaka muda wa kungoja kufuli uishe, na utatafuta kosa hilo usiku kucha kwa sababu kila upande ukiujaribu peke yake unafanya kazi.

Ndiyo maana kwa kuandika fedha mimi huchagua prosija ya SQL. PST010R inabaki ileile aliyoieleza Mkongwe. Unachoongeza ni tamko moja la CREATE PROCEDURE lenye LANGUAGE RPGLE na EXTERNAL NAME inayotaja programu hiyo, ukiorodhesha vigezo kwa aina za SQL. Kigezo cha DECIMAL kinakwenda kama desimali iliyobanwa, cha CHAR kinakwenda kama maandishi, na ugeuzaji wote unafanywa na mfumo, hivyo zile hesabu za baiti zinaondoka mikononi mwako. Java inaiita kwa CallableStatement ya kawaida. Lililo kubwa kuliko yote ni kwamba programu sasa inaendeshwa ndani ya QZDASOINIT, jobu ileile ya JDBC, na kwa hiyo inaweza kushiriki muamala uleule.

Nimesema inaweza, kwa sababu kuna masharti, na hapa ndipo wengi hukwama.

Sharti la kwanza ni jarida, yaani kumbukumbu ya kila badiliko linalofanywa katika faili. Mafaili yote yatakayoguswa lazima yawe yanaandikiwa jarida kwa STRJRNPF, la sivyo amri ya SQL ya kuandika chini ya muamala itakataliwa kwa kosa la SQL7008. Mafaili ya zamani mara nyingi hayana jarida. Jihadhari pia na mtego huu: JDBC ikiachwa ithibitishe yenyewe kila amri, jt400 kwa kawaida huendesha amri hizo bila udhibiti wa muamala, kwa hiyo majaribio yako yatapita vizuri kabisa, na kosa la SQL7008 litajitokeza siku utakapoandika setAutoCommit(false). Umeonywa mapema.

Sharti la pili liko ndani ya RPG. Kuwapo kwa jarida hakutoshi. Kila faili linaloandikwa na PST010R lazima litangazwe kwa neno COMMIT, maana bila neno hilo RPG huandika nje ya muamala hata kama jobu nzima iko ndani yake. Kwa bahati njema neno hilo linaruhusu kiashirio, kwa mfano COMMIT(katikaMuamala), na thamani ya kiashirio wakati faili linafunguliwa ndiyo inayoamua. Kwa njia hiyo programu moja itamhudumia karani wa skrini, ambaye jobu yake haina muamala, na huduma ya Java ambayo inao. Ila kumbuka kwamba RPG hufungua faili lenyewe kabla hujapata nafasi ya kuweka kiashirio, kwa hiyo ongeza USROPN na ulifungue mwenyewe.

Sharti la tatu ni kukompaili kwa ACTGRP(*CALLER), yaani programu iendeshwe katika kundi la uendeshaji la aliyeiita. Programu ikiwa na kundi lake jipya kila inapoitwa, inaweza kuwa na udhibiti wake wa muamala uliotengwa na wa aliyeiita, na hayo ndiyo tunayoyakimbia. Na ndani ya PST010R pasiwe na COMMIT wala ROLBK kama amri. Anayeanzisha muamala ni Java, na Java ndiyo imalize.

Mpangilio ninaoupendekeza ni huu. Tengeneza jedwali jipya la kupokelea, ambalo ufunguo wake wa pekee ni namba ya kumbukumbu ya muamala wa simu. Usiongeze sehemu mpya katika umbo la faili la zamani la malipo ili kuhifadhi namba hiyo, kwa kuwa umbo la faili likibadilika programu zote za RPG zinazolitumia zitakataa kulifungua kwa CPF4131 mpaka zikompailiwe upya, nawe huna hakika ni ngapi. Taarifa ya malipo inapoingia, Java inazima uthibitishaji wa moja kwa moja, inaingiza safu katika jedwali la kupokelea, inaita prosija, inasoma msimbo wa matokeo, kisha inathibitisha au inatangua vyote pamoja. Kuanza na jedwali lako kuna faida mbili. Amri hiyo ya SQL ndiyo inayoufungua udhibiti wa muamala kabla RPG haijafungua mafaili yake. Na taarifa ya malipo ikitumwa mara ya pili, jambo ambalo hutokea kila jibu lako linapochelewa, amri ya kwanza itakataliwa kwa SQL0803 kwa sababu namba ipo tayari. Hapo Java inajibu kwamba malipo yamepokelewa na haiguswi hata shilingi moja ya salio.

Hilo ndilo jibu la swali linalokunyima usingizi. Umeme ukikatika kabla ya uthibitisho, mfumo utatangua vyote vinavyohusu muamala ule wenyewe unapowaka. Ukikatika baada ya uthibitisho lakini kabla Java haijajibu, mtandao wa simu ukirudia kutuma, ufunguo wa pekee utaulinda mlango.

Mlinzi wa Mtandao (Arusha) anajibu:

Wenzangu wamemaliza ya programu, mimi niongeze machache ya upande wangu, kwa kuwa huduma hizi hufanya kazi kwenye meza ya msanifu kisha zikakwama zinapohamishiwa kwenye seva iliyo nyuma ya ukuta wa moto.

Mlango wa 449 ndio unaoulizwa huduma ipi iko wapi, 8476 ni wa kuingia, 8471 ni wa hifadhidata, na 8475 ni wa ProgramCall na amri za mbali. Ukifuata ushauri wa Dada wa Data, huhitaji 8475 kabisa, basi usiufungue. Na kwa kuwa ni fedha na nywila zinazopita, tumia milango iliyofichwa kwa TLS, ambayo ni 9476 na 9471, na uweke secure=true kwenye anwani ya JDBC.

Akaunti itakayotumiwa na Java isiwe ya mtu, na isiwe QSECOFR, akaunti yenye mamlaka yote, hata kwa siku moja ya majaribio. Iwe na mamlaka ya kuita prosija na kuandika katika jedwali la kupokelea tu. PST010R unaweza kuikompaili kwa USRPRF(*OWNER) ili iyafikie mafaili ya mikataba kwa mamlaka ya mmiliki wake, na kwa namna hiyo hata nywila ya Java ikivuja, aliyeiiba hawezi kuligusa faili la salio kwa mkono.

Mtunzaseva anarudi:

Ndugu zangu, nimekaa kimya wiki mbili kwa sababu nilikuwa nikifanya mliyonielekeza, na ninarudi na matokeo pamoja na maswali mawili.

Mzee wangu Mkongwe, nilifungua WRKACTJOB kama ulivyosema na nikakuta jobu nne za QZRCSRVS zenye MSGW, moja kwa kila jaribio langu, zote bado zinangoja. Nimezijibu na zimefungwa. Sehemu iliyo nyuma ya F10 ilikuwa na mistari zaidi ya mia sita, na ndani yake nimekuta kifungu kinachowasamehe adhabu wateja wa tawi moja kwa malipo ya mwezi wa Desemba. Hakuna mtu katika idara ya fedha aliyejua kwamba kipo, ingawa kimekuwa kikifanya kazi miaka yote. Kama ningeandika upya katika Java, wateja wale wangetozwa adhabu ambayo hawajawahi kutozwa, nasi tungewaambia kwamba mfumo haukosei.

Dada wa Data, SQL7008 ilinipata hasa pale ulipotabiri. Faili la mikataba lilikuwa na jarida, la malipo halikuwa nalo. Sasa prosija inafanya kazi. Nilijaribu kuiua jobu ya QZDASOINIT kwa ENDJOB na OPTION(*IMMED) kati ya kuita prosija na kuthibitisha, mara kumi, na mara zote kumi salio lilirudi lilivyokuwa na jedwali la kupokelea halikubaki na safu.

Maswali yangu ni haya. Kufunga siku kwetu huanza saa tano usiku na huchukua kama dakika arobaini, na wakati huo mafaili yanashikwa na programu ya kufunga, hivyo malipo yanayoingia hukataliwa. Niyaweke wapi? Pili, wateja wachache ambao majina yao yana king'ong'o, kama Ng'ang'a, hawalingani na jina lililomo katika faili la mikataba, ingawa kwa macho majina ni yaleyale.

Dada wa Data anajibu:

Hongera kwa jaribio la kuua jobu mara kumi. Watu wengi huishia kuamini tu.

Kwa kipindi cha kufunga siku, tenganisha kupokea na kuandika. Java ipokee malipo, iyaingize katika jedwali la kupokelea yakiwa na hali ya kusubiri, ithibitishe hapohapo, na iujibu mtandao wa simu kwamba taarifa imefika. Jedwali hilo ni lako, programu ya kufunga siku hailijui, kwa hiyo halitafungwa. Kisha mfanyakazi wa pili, ambaye anaweza kuwa sehemu ya huduma ileile ya Java, anasoma safu zinazosubiri kwa mpangilio wa kuingia, anaita prosija kwa kila moja, na anabadilisha hali ya safu kuwa imeandikwa ndani ya muamala uleule wa prosija. Mafaili yakiwa yameshikwa, anatangua, anapumzika dakika moja, anajaribu tena. Kubadilisha hali hiyo ndiyo amri ya SQL itakayoufungua udhibiti wa muamala sasa, kwa hiyo itangulie kuita prosija.

Hapa ndipo foleni ya data inapokuwa na nafasi, lakini kama kengele tu. Mtu anaweza kushawishika kuweka malipo yenyewe katika foleni, Java ikaweka upande huu na RPG ikasoma upande wa pili kwa QRCVDTAQ. Ni njia nyepesi na ina kasi, ila kusoma kutoka kwenye foleni ya data hakumo ndani ya muamala. Ujumbe ukisomwa umeondoka, na jobu iliyousoma ikianguka kabla ya kuandika, malipo ya mtu yamepotea na hakuna mahali pa kuyatafuta. Weka malipo katika jedwali, na katika foleni weka namba yake tu ya kumwamsha mfanyakazi. Kengele ikipotea, mzunguko unaofuata utaikuta safu bado inasubiri.

Jambo moja la kuuliza idara ya fedha kabla hujaandika mstari mwingine: malipo yaliyoingia saa tano na nusu usiku yanahesabiwa kuwa ya siku ipi? Tarehe ya kupokea uihifadhi katika jedwali na uipeleke kama kigezo. PST010R isijichukulie tarehe ya mfumo, la sivyo mteja aliyelipa usiku wa siku ya mwisho ataandikiwa adhabu kwa sababu kufunga siku kulichelewa.

Mkongwe wa RPG anajibu:

Marahaba, Dada wa Data, nami naichukua hiyo ya tarehe kwa uzito, kwa kuwa programu nyingi za zamani huisoma tarehe ya jobu, na jobu za QZDASOINIT hukaa hai siku nyingi. Ukikuta neno UDATE au *DATE ndani ya kifungu ulichokitoa, libadilishe litumie kigezo. Tarehe ya jobu ni ya siku jobu ilipoanza, wala haisogei usiku wa manane unapopita.

Kuhusu Ng'ang'a, tazama baiti zenyewe. Karani wa skrini ya kijani huandika ritifaa iliyonyooka, ambayo katika ukurasa wa herufi wa CCSID 37 ni 7D. Simu za kisasa nyingi huibadilisha alama hiyo kuwa iliyopinda, yaani U+2019 katika Unicode, na CCSID 37 haina nafasi ya alama hiyo. Mfumo unapoigeuza huweka alama mbadala, 3F, kwa hiyo jina lililofika si lile lililomo katika faili. Amri ya DSPPFM itakuonyesha, ukibonyeza F10 kisha F11 uone herufi pamoja na namba zake za heksadesimali moja juu ya nyingine.

Dawa iko Java, kabla jina halijavuka: geuza U+2018 na U+2019 zote kuwa ritifaa iliyonyooka. Majina yaliyokwisha ingia yakiwa na 3F yatafute kwa SQL na uyarekebishe kwa mkono ukiwa na faili la mkataba mezani. Na mkataba usiutambue kwa jina hata kidogo. Namba ya mkataba ndiyo iamue, jina libaki la karani kulisoma anapomhudumia mwenye jina.